Kuiunganisha Upya Printa Isiyotumia Waya Baada ya Mtandao wa Nyumbani Kubadilika

Na ichukuliwe nyumba ya mwalimu wa sekondari ambaye, mwishoni mwa muhula, amebadilisha njia yake ya kupata intaneti. Ruta ya zamani, iliyokuwa ikitumia laini ya simu, imeondolewa. Mahali pake imewekwa ruta mpya iliyoletwa na mafundi wa faiba. Simu zimepewa neno jipya la siri zikaingia mtandaoni, kompyuta nayo vivyo hivyo. Printa peke yake ndiyo ambayo taa yake inawaka na kuzimika bila kuchapa hata ukurasa mmoja, na jaribio la Kidato cha Pili linatakiwa asubuhi. Mwalimu anaizima na kuiwasha. Anatoa amri ya kuchapa mara tano, mara sita. Mwishowe anakata shauri kwamba mashine imekufa.

Mashine haikufa. Katika hali ya namna hii printa aghalabu huwa nzima kabisa, wino wake umo na mitambo yake inazunguka. Lililotokea ni kwamba imebaki na kumbukumbu ya mtandao usiokuwapo tena. Hasara ya kutolijua jambo hili si ndogo, kwani mashine nzima huwekwa stoo, ikanunuliwa nyingine, na hiyo nyingine nayo ikapatwa na mkasa uleule siku ruta itakapobadilishwa tena. Makala haya yanaeleza kumbukumbu ya printa ina mambo gani ndani yake na jinsi ya kuyabadilisha. Vitufe vya printa hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini mambo yanayokumbukwa ni yaleyale.

Redio mbili

Ndani ya printa isiyotumia waya mna redio ndogo yenye uwezo wa kutuma na kupokea. Ruta nayo ni redio. Kanuni za mazungumzo yao zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, katika kiwango chenye namba 802.11, jina la Wi-Fi lilianza kutumika mwaka 1999. Masafa yatumikayo zaidi ni mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, yaani mitetemo bilioni 2.4 au bilioni 5 kwa sekunde. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kasi ya wimbi ni zao la masafa na urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio huenda takriban meta 300,000,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ikigawanywa kwa 2,400,000,000 hupatikana meta 0.125. Wimbi moja la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimeta 12.5 hivi, nalo la gigahezi 5 lina sentimeta 6. Kwa kawaida lile refu hustahimili kuta za matofali kuliko lile fupi, ijapokuwa lile fupi lina nafasi ya kubeba habari nyingi zaidi kwa wakati mmoja.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mkanganyiko wa kwanza. Printa nyingi za bei ya kawaida zimewekewa redio ya gigahezi 2.4 tu. Ruta mpya hutoa masafa yote mawili, na mara nyingine fundi huyapa majina mawili, mathalani “Nyumbani” na “Nyumbani-5G”. Simu itayaona yote mawili. Printa italiona la kwanza tu, na mwenye nyumba akiwa ameichagulia la pili atatafuta bila kupata. (Hiyo “5G” iliyomo katika jina la mtandao wa nyumbani humaanisha gigahezi 5, wala haihusiani na kizazi cha tano cha simu za mkononi.) Iwapo masafa ya gigahezi 2.4 yamezimwa katika ruta, printa ya aina hii haitasikia chochote hata ikiwekwa juu ya ruta yenyewe.

Tena masafa ya gigahezi 2.4 hugawanywa katika mikondo yenye namba. Katika nchi nyingi mikondo 1 hadi 13 inaruhusiwa, bali Marekani vifaa hutengenezwa kutumia 1 hadi 11. Printa iliyonunuliwa huko ikaletwa na ndugu huweza kuwa kiziwi kwa ruta iliyojichagulia mkondo wa 12 au 13. Si tatizo la kila siku, lakini likitokea humchosha mtu, kwa sababu kila kitu kingine huonekana kuwa sawa. Dawa yake ni kuiwekea ruta mkondo wa 1, 6 au 11.

Jina na neno la siri

Ruta hulitangaza jina la mtandao wake takriban mara 10 kwa kila sekunde. Jina hilo, ambalo katika vitabu vya maelekezo huandikwa SSID, halizidi baiti 32, na herufi kubwa hutofautishwa na ndogo: “Nyumbani” na “nyumbani” ni mitandao miwili. Printa iliyowahi kuunganishwa hulihifadhi jina hilo, na kila inapowashwa husikiliza na kuita ikilitafuta. Taa inayowaka na kuzimika katika nyumba ya mwalimu ni dalili ya wito huo usioitikiwa.

Pamoja na jina, printa huhifadhi neno la siri. Hapa pana jambo zuri ambalo watumiaji wengi hawalijui. Katika mfumo wa ulinzi uitwao WPA2, neno la siri halisafirishwi hewani kamwe. Ruta na printa, kila moja peke yake, huchukua neno la siri, ambalo lazima liwe na herufi 8 hadi 63, zikalichanganya na jina la mtandao kwa hesabu inayorudiwa mara 4096, hadi ikatoka namba ndefu ya biti 256. Kisha hupelekeana ujumbe mara nne, na kwa ujumbe huo kila upande huhakikisha kwamba mwenzake amepata namba ileile, pasipo yeyote kuitaja. Hesabu imefanywa kuwa ndefu makusudi: mwenye neno la siri huifanya mara moja tu, bali mwizi anayebahatisha hulazimika kuirudia kwa kila neno analolijaribu.

Kwa kuwa jina la mtandao limo ndani ya hesabu, kulibadilisha jina peke yake, hata kama neno la siri limeachwa vilevile, hubadilisha namba yote. Na kinyume chake ni kweli pia, na hapo ndipo ilipo njia fupi kuliko zote. Iwapo ruta mpya itapewa jina la mtandao wa zamani, herufi kwa herufi, pamoja na neno la siri la zamani na aina ileile ya ulinzi, printa itaingia yenyewe kana kwamba hakuna kilichobadilika; na vifaa vyote vya nyumba ile vitafanya vivyo hivyo. Mwenye printa tatu na simu nane atajiokolea jioni nzima. Njia hii haifai tu pale ambapo neno la siri la zamani limekwisha kuenea mtaani, au ni dhaifu, kwani hapo kubadilika kwa ruta ni nafasi njema ya kuliacha.

Aina ya ulinzi nayo ina historia yake. Ulinzi wa kwanza, WEP, ulikuja pamoja na kiwango cha mwaka 1997, na kufikia mwaka 2001 watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi unavyovunjwa. WPA ilifuata mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Printa iliyotengenezwa kabla ya mwaka huo wa mwisho kwa kawaida haiielewi WPA3. Ruta mpya ikiwa imewekewa WPA3 peke yake, printa italiona jina na kupewa neno sahihi la siri, na bado ikataliwe. Katika ukurasa wa mipangilio ya ruta hapana budi kuchaguliwa hali inayochanganya WPA2 na WPA3. Ushauri wa kuondoa neno la siri kabisa “ili printa ikubali” usisikilizwe. Mtandao ulio wazi humruhusu jirani kuifikia printa, na habari zinazopita hewani bila kufichwa huweza kunaswa. Nyumbani kwa mwalimu habari hizo huenda ni maswali ya mtihani.

Taa imetulia, lakini printa haichapi

Mtu akishafaulu kuiingiza printa katika mtandao mpya, taa hutulia, naye hufurahi. Akiamuru kompyuta ichape, kompyuta humjibu kwamba printa haipo mtandaoni. Hili ndilo jambo linalowavunja moyo watu wengi, na yafaa lielezwe kwa urefu.

Kuingia katika mtandao na kuwa na anwani inayojulikana ni mambo mawili. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Songea kwenda Tabora amekwisha kufika, ana nyumba na ana sanduku la posta. Lakini rafiki anayeendelea kumwandikia kwa S.L.P. ya Songea hatapata jibu. Barua haina kosa, mwandikiwa hana kosa. Anwani ndiyo ya zamani.

Katika mtandao wa nyumbani anwani ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Zile zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na kanuni yake katika sura iliyozoeleka ni ya mwaka 1996. Ndiyo maana maelfu ya nyumba huweza kutumia anwani zilezile bila kugongana, kwa kuwa hazitoki nje ya nyumba. Ruta ndiyo igawayo anwani. Kifaa kinapoingia huuliza kama kuna awezaye kukipa anwani. Ruta hupendekeza moja. Kifaa huiomba rasmi. Ruta huidhinisha, kwa muda maalumu. Utaratibu huu huitwa DHCP nao ulianza mwaka 1993. Anwani basi ni ya kukodi, wala si mali ya printa.

Ruta ya zamani yumkini ilikuwa ikigawa anwani za namna ya 192.168.8, na printa ikapata 192.168.8.105. Ruta mpya inagawa za 192.168.100, na printa ikapata 192.168.100.7. Kompyuta haikuambiwa. Programu yake ya kuendeshea printa ingali inapeleka kurasa kwa 192.168.8.105. Kabla ya kupeleka, kompyuta hulinganisha anwani hiyo na yake yenyewe kwa kutumia namba nyingine, 255.255.255.0, ambayo maana yake ni kwamba namba tatu za mwanzo ni mtaa na ya nne ni nyumba. Ikiona mtaa ni tofauti, huukabidhi mzigo kwa ruta ili iupeleke mbele. Ruta haina mtaa kama huo, na nje ya nyumba anwani za 192.168 hazipelekwi popote. Mzigo hupotea.

Hali ya pili hutokea pale ambapo printa iliwahi kupewa anwani kwa mkono na fundi mwenye nia njema, ili isibadilike-badilike. Nia ilikuwa njema, lakini anwani hiyo ilifaa katika ruta ile tu. Katika mtandao mpya printa huingia ikiwa na jina sahihi na neno sahihi la siri, taa ikatulia, nayo hukaa na anwani ya mtaa usiokuwapo. Haitaomba nyingine, kwa sababu imeamriwa isiombe. Inabidi mtu airudishe katika hali ya kuomba yenyewe. Kama anwani isiyobadilika inahitajika, mahali pa kuiweka ni kwenye ruta: kila redio ya Wi-Fi ina namba ya utambulisho ya biti 48, ambayo huandikwa kwa alama 12, na ruta huweza kuambiwa kwamba mwenye namba hiyo apewe daima anwani ileile. Siku ruta itakapoondoka, amri hiyo itaondoka nayo, na printa haitabaki na mzigo wa zamani.

Kuna anwani moja ambayo ni dalili ya ugonjwa. Ikionekana anwani inayoanza na 169.254, ifahamike kwamba printa iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Mara nyingi kuizima ruta na kuiwasha, kisha printa, hutosha.

Pengine printa na kompyuta zina anwani nzuri na bado hazionani. Ruta za siku hizi hutoa pia mtandao wa wageni, na kazi ya mtandao huo ni kumzuia mgeni asivifikie vifaa vya mwenyeji. Printa iliyoingizwa kwa wageni haitaonekana na kompyuta iliyo katika mtandao mkuu. Vivyo hivyo simu inayotumia bando badala ya Wi-Fi haiwezi kuiona printa hata ikiwa imewekwa kando yake.

Mwalimu aweza kushangaa kwamba simu inachapa ilhali kompyuta haichapi. Simu nyingi hazikumbuki namba ya printa. Kila mara huuliza upya katika mtandao mzima kama kuna printa yoyote, na printa hujitangaza kwa jina. Kwa hiyo simu huipata anwani mpya bila kuambiwa. Kompyuta iliyopangwa kwa namba hung'ang'ania namba.

Utaratibu wa kazi

Kabla ya kubonyeza lolote, ichapwe taarifa ya mtandao. Karibu kila printa isiyotumia waya yaweza kuchapa ukurasa wa namna hiyo bila msaada wa kompyuta. Kitabu chake cha maelekezo hueleza ni kitufe gani kishikiliwe. Ukurasa huo ni sawa na cheti cha daktari. Huonyesha jina la mtandao unaotafutwa au uliounganishwa, aina ya ulinzi, na anwani, pamoja na kama anwani ilitoka kwa ruta au iliwekwa kwa mkono. Anayeanza bila ukurasa huu anabahatisha.

Jina likiwa ni la mtandao wa zamani, printa iingizwe upya. Yenye kiwambo ina orodha ya mipangilio ya mtandao, na humo mtu huchagua jina na kuandika neno la siri. Isiyo na kiwambo hurudishwa kwanza katika hali ya maandalizi, aghalabu kwa kushikilia kitufe cha Wi-Fi kwa sekunde kadhaa, kisha simu yenye programu ya kiwanda chake huipa habari za mtandao mpya. Printa nyingine zina kitufe cha WPS: kikibonyezwa kwenye ruta na kwenye printa ndani ya dakika 2, hupeana siri zenyewe. Ruta iliyofungwa kwa WPA3 peke yake haiikubali njia hiyo. Yote yakishindikana, waya wa USB hutumika kwa muda kuipa printa habari hizo kutoka kwenye kompyuta. Au kuchapa tu, kama mtihani ni kesho.

Baada ya hapo ichapwe taarifa ya pili, isomwe anwani mpya, na iandikwe katika programu ya kusomea kurasa za intaneti kwenye kompyuta. Printa nyingi hujibu kwa kuonyesha ukurasa wao wenyewe. Jaribio hili dogo huukata utafutaji katikati. Ukurasa ukifunguka, redio, neno la siri na anwani vyote ni sawa, na kosa limo katika programu ya kompyuta. Hapo printa ya zamani ifutwe katika orodha, iongezwe upya. Usipofunguka, hakuna faida ya kuigusa programu ya kompyuta, kwani kosa lingali katika mtandao.

Jambo moja husahaulika. Zile amri tano au sita za kuchapa alizozitoa mwalimu hazikupotea. Huenda zingali katika foleni. Kama kila amri ilikuwa ya nakala 45 za karatasi 2, amri 6 ni karatasi 540, zaidi ya rimu nzima. Foleni ifutwe kabla printa haijapatikana. Hali kadhalika, printa inayouzwa au kupewa shule irudishwe kwanza katika mipangilio ya kiwandani, kwa kuwa ndani yake limebaki neno la siri la nyumba ilikotoka.

Zoezi kwa wanafunzi

Taarifa ya printa inaonyesha anwani 192.168.1.50, iliyowekwa kwa mkono, na namba ya mgawanyo 255.255.255.0. Kompyuta ina 192.168.100.12 na namba ileile ya mgawanyo. Onyesha kwa nini ukurasa hauwezi kufika, kisha eleza ni kifaa gani kibadilishwe na kwa nini si kile kingine.

Neno la siri lina herufi ndogo 8 za alfabeti ya herufi 26. Idadi ya maneno yawezekanayo ni 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Ikichukuliwa kwamba mwizi ana kompyuta iwezayo kujaribu maneno 100,000 kwa sekunde, atayamaliza yote kwa siku 24 hivi. Tafuta muda atakaohitaji iwapo herufi ni 10, na utoe jibu lako kwa miaka.